Gesi ya Mtaa wa Rodman

San Jose, California
6 Novemba 1996

Kwa Shangazi yangu Deolinda,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana ukiisoma umesimama utavunja kikombe.

Mimi ni mzima kupita kiasi. Unajua mtu anavyozinduka kabla hajafumbua macho, akasikia harufu ya limau na sukari, akajua mumewe amerudi kutoka kuoka mikate? Hivyo ndivyo ninavyoamka siku hizi. Duarte anaingia alfajiri, nywele zimejaa unga kama mzee, ananibusu kwenye paji la uso na kuniachia alama nyeupe. Siifuti. Naenda nayo hadi sokoni watu wakanicheka, na mimi nawacheka wao, kwa sababu hawana aliyewapaka unga. Nikisikia hatua zake kwenye kokoto bado moyo unanidunda kama siku ile ya kwanza kwenye karamu ya Mtakatifu Petro.

Ila Shangazi, hizo kokoto ni za binamu yake, Valdemar. Bado tunaishi kwenye banda lake la gari. Kitanda chetu na mashine ya kufulia vimetenganishwa kwa pazia. Jumapili Valdemar aliingia bila kubisha hodi, akanikuta nimelaza kichwa kwenye kifua cha mume wangu, akasema, "Endeleeni tu, mimi natafuta nyundo." Alitafuta nyundo hiyo muda mrefu sana.

Na unakumbuka kura ya kanisani ya mwezi Juni. Jina la Duarte ndilo lililochomolewa: wiki ya tatu baada ya Pasaka, Taji la Roho Mtakatifu likizunguka nyumba kwa nyumba, litalala kwetu, na kila jioni watu watakuja kusali rozari na kula mkate. Wewe umesubiri kura hiyo maisha yako yote hukuipata, sisi tumeipata hatujamaliza hata kufungua zawadi za harusi. Taji nitaliweka wapi, juu ya mashine ya kufulia?

Basi tukapata nyumba. Vyumba viwili, sinki jeupe, na nje ya dirisha la jikoni mkomamanga. Nilishaanza kuupenda mti huo kama ndugu. Mwenye nyumba ni Bibi Pruitt, mwanamke mwenye funguo nyingi kiunoni. Akachukua namba zetu za hifadhi ya jamii, zile zinazomfuata mtu tangu utotoni, akatutoza ada ya ukaguzi, akaomba ripoti zetu za mikopo kwa wale wanaohifadhi habari za nani alikopa na nani hakulipa. Baada ya siku chache akatuita, tukasimamishwa mlangoni.

"Mume wako hana kitu kwenye rekodi," akasema. "Hajawahi kukopa hata birika. Kwangu mtu wa namna hiyo ni kama hajazaliwa."

"Na mimi?"

"Wewe umezaliwa, mama. Umezaliwa na deni huko Fall River. Limepelekwa hadi kwa wadai madeni."

Mimi, Shangazi. Mimi ambaye sijawahi kuwa na deni hata la peremende. Alisema haya mbele ya wapangaji wengine watatu waliopanga foleni nyuma yetu, na mmoja akachukua nyumba ile palepale. Duarte alinishika mkono njia nzima, na unga wake wote ulikuwa umekauka.

Nimeapa. Aliyenichafulia jina nitampata, awe kampuni, awe mtu, na nitamfanya asimame mlangoni kama nilivyosimama mimi, watu wakimwangalia. Sheria inasema ukikataliwa kwa sababu ya ripoti hiyo una haki ya kupewa nakala yake bure. Nimeshaandika kuiomba.

Mtoto wako mwenye hasira na mwenye furaha,
Mena

*

Fall River, Massachusetts
21 Novemba 1996

Mena mwanangu,

Marahaba. Nilikuwa nimekaa. Kikombe kimevunjika hata hivyo.

Huku theluji imeanguka mapema. Kiwandani tunashona mapazia ya hoteli, ya kijani, rangi ya ugonjwa. Goti langu ni lilelile. Nimepika supu ya sukumawiki, sufuria nzima, kwa mazoea ya kupikia watu wawili, nikala siku nne.

Huyo Pruitt wako nimemwombea mambo ambayo padri akiyasikia atanifukuza kanisani. Nimeomba funguo zake zote zikatikie kwenye vitasa vyake vyote. Mwanamke anayesema mambo ya mtu mlangoni hana mama. Ukitaka kulipiza, lipiza kwake. Mwandikie askofu. Mwambie kila Mreno wa San Jose asipange kwake.

Lakini hayo ya kuomba nakala achana nayo, mwanangu. Makaratasi yanazaa makaratasi. Utakaa mwaka mzima ukiandikiana na mashine. Nani leo anajali gesi ya miaka sita iliyopita? Deni la namna hiyo linakufa lenyewe, ukilichokoza linaamka. Mwache Duarte atafute chumba kwa mtu wa kwetu, mtu asiyekagua, anayeangalia macho tu.

Kula vizuri. Duarte asikuzoeshe mkate peke yake.

Shangazi Deolinda

*

San Jose
3 Desemba 1996

Shangazi,

Nimesoma barua yako mara nyingi. Kwanza niliisoma nikacheka kwa ajili ya funguo. Kisha nikampa Duarte, naye akaisoma polepole kama anavyosoma kila kitu, akaweka kidole kwenye mstari mmoja akaniuliza, "Mpenzi, wewe ulimwambia ni gesi?"

Sikukwambia. Niliandika deni. Sikujua ni deni la nini, kwa sababu Bibi Pruitt hakunionyesha. Nakala imefika jana tu. Ni gesi kweli. Majira ya baridi ya mwaka tisini kwenda tisini na moja, nilipokuwa na miaka kumi na mitatu na nikivaa nembo ya shule kwenye sweta.

Nimepiga simu kampuni ya gesi. Wamesema watafuta jina langu nikiwaletea kiapo kilichogongwa muhuri, kinachomtaja aliyefungua akaunti ile kwa namba yangu. Lazima atajwe. Wakishampata watamdai yeye, na wakitaka watampeleka polisi.

Nakuuliza mara moja tu, kwa mwandiko mzuri: ni nani?

Mena

*

Fall River
14 Januari 1997

Filomena,

Barua yako haikuwa na shikamoo. Nimeiweka juu ya friji Krismasi yote nikingoja shikamoo ije nyuma yake. Haikuja.

Nilikulea tangu ukiwa na meno manne. Kaka yangu alikuacha mlangoni kwangu na mfuko wa nguo, akaenda kuoa upya Toronto. Hukuwahi kusikia nikilalamika, na leo silalamiki.

Unajua mtaa wetu. Kila nyumba ghorofa tatu, kila ghorofa na mita yake. Gesi ikikatwa kwa jina la baba, inafunguliwa kwa jina la mama. La mama likichakaa, inafunguliwa kwa jina la marehemu, na marehemu wakiisha inafunguliwa kwa jina la mtoto, kwa sababu jina la mtoto ni safi. Hakuna aliyeita wizi. Mama Cidália wa ghorofa ya chini alikuwa na gesi kwa jina la kitinda mimba wake ambaye alikuwa bado anacheza gololi. Tulidhani tutalipa kabla hamjakua. Mlikua upesi.

Sasa nami nakuuliza mara moja tu. Ulikuwa na joto, au hukuwa nalo?

D.

*

San Jose
22 Januari 1997

Shikamoo Shangazi. Hiyo hapo, usiseme sikuiandika.

Jana tumekataliwa nyumba ya pili. Mwenye nyumba huyu alikuwa na adabu, alinong'ona, na Duarte akasema afadhali yule aliyepiga kelele. Halafu akaenda kazini akaunguza mikate yote ya usiku, mara ya kwanza katika maisha yake. Alirudi ananuka moshi. Nilimkumbatia hivyohivyo. Nampenda hata akinuka moshi, lakini sikuolewa naye ili watu wamfanye anuke moshi.

Umeniuliza kama nilikuwa na joto. Nakujibu.

Sisi tuliishi Mtaa wa Columbia. Kwetu hita ilikuwa ya mafuta, na mafuta yalikwisha kabla ya Krismasi. Nililala na soksi mikononi. Soksi zako za kahawia, zile nene, nilizivaa kama glavu hadi viwiko, na asubuhi nilishindwa kufunga vifungo vya sweta kwa ganzi. Wewe ulikuwa zamu ya jioni kiwandani. Zamu ya jioni iliisha saa nne. Ulirudi saa saba.

Gesi iliyoandikwa kwa jina langu haikuwa ya Mtaa wa Columbia. Ripoti inasema Mtaa wa Rodman, namba 214, ghorofa ya tatu. Sijawahi kupanda ngazi za nyumba hiyo.

Kwa hiyo mtu alikuwa na joto, Shangazi. Siye mimi.

Kiapo nimeshakiandika. Nafasi ya jina iko wazi. Katikati ya Februari nitaijaza, na kama sitakuwa nimepata jina jingine nitaandika lako, kwa wino mweusi, na sitatetemeka. Taji linakuja Aprili. Silipokei bandani kwa sababu ya mtu aliyekuwa akiota moto.

Mena

*

Fall River
1 Februari 1997

Mena,

Horácio Bettencourt. Yule aliyekuwa anakuletea machungwa.

Jina lake lilishachakaa na langu lilishachakaa. Alisema ni kwa mwezi mmoja, mpaka apate kazi bandarini. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, hakuna aliyekuwa ameniita mrembo tangu rais mwingine kabisa. Zaidi ya hapo usiniulize.

Mwezi wa sita akamwoa Idalina, binti wa mzee Pacheco mwenye majumba. Hakunialika, lakini keki nilisikia harufu yake kutoka barabarani. Leo wanapangisha nyumba tatu za baba mkwe. Wana ofisi, wana mashine ya faksi, na wanamkagua kila mwombaji madeni yake. Wamemkataa mtoto wa Cidália kwa sababu ya gesi. Elewa hilo. Yule kitinda mimba ni kijana sasa, mama yake alitaka kumtafutia chumba karibu naye, na Horácio Bettencourt akamwambia, "Pole, una deni la gesi."

Usijaze jina bado. Ndani ya bahasha hii kuna fomu ya maombi ya nyumba. Tia sahihi yako na namba yako pale chini nilipoweka alama, panaposema unakubali kukaguliwa. Usiulize. Irudishe upesi.

D.

*

San Jose
8 Februari 1997

Shangazi,

Imo humu, nimetia sahihi. Duarte ameniambia, "Huyu mtu anaitaka namba yako kwa mara ya pili, mpenzi, mara ya kwanza hakuomba." Nikamwambia ndiyo maana nampa.

Kama utanifanyia tena, nitakuja na basi, siku nne njiani, nikukute kwenye cherehani yako.

Mena

*

Fall River
4 Machi 1997

Mena mwanangu,

Nilivaa koti la kanisani. Nikapaka rangi ya midomo, ile ya mwaka tisini, imekauka kidogo lakini inashika.

Ofisi yao ni chumba cha mbele, chini ya nyumba yao. Idalina alikuwa mezani na miwani ya mnyororo. Horácio alikuwa chumba cha nyuma anapaka rangi mlango, nikamsikia anapiga mluzi. Nikamwambia Idalina nataka ile ghorofa ya pili iliyo wazi, mimi na binti wa kaka yangu, anarudi kutoka California.

"Sisi tunamkagua kila mtu mzima, Deolinda," akasema. "Usione vibaya. Hata padri akija tutamkagua."

"Kagua, mama. Kagua wote wawili."

Akachukua ada, akapiga simu, tukangoja. Akaanza kunisimulia goti lake, na mimi nikamsimulia langu. Mashine ikalia, ikatoa karatasi. Akasoma yangu kwanza, kwa sauti, maana Idalina husoma kila kitu kwa sauti hata gazeti.

"Una deni la fanicha, Deolinda."

"Ninalo."

"Na la hospitali."

"Goti hilo."

Akachukua ya pili. "Filomena Arruda. Deni la gesi. Mtaa wa Rodman, namba 214, ghorofa ya tatu, tisini kwenda tisini na moja." Akairudia ile anwani polepole. Kisha akaita bila kugeuka, "Horácio, hebu njoo."

Mluzi ukakatika. Akaja na brashi mkononi, akaniona, na rangi ikaanza kudondoka kwenye kiatu chake. Hakuiona.

"Hii si ile nyumba uliyokuwa unalala na koti?" Idalina akamuuliza.

"Mtaa ule una ghorofa za tatu nyingi," akasema.

"Namba 214 ina ghorofa za tatu ngapi?"

Nikamjibu mimi. "Moja. Dirisha la bafuni halifungiki, na ukutani alitundika kalenda ya meli."

Sasa nikueleze jambo ambalo Fall River nzima inalijua isipokuwa wewe, ulikuwa mdogo. Horácio alimwambia Idalina kwamba majira yale yote ya baridi aliishi bila hita, alilala ndani ya koti, ili kila senti iende kwenye pete yake. Siku ya harusi padri alilihubiri lile koti. Watu walilia. Idalina analo mpaka leo, ameliweka kabatini ndani ya nailoni kama vazi la mtakatifu.

"Padri alilihubiri lile koti, Horácio," akamwambia. Taratibu sana. "Kumbe ulikuwa na joto."

"Idalina, roho yangu, ilikuwa mwezi mmoja tu."

"Hapa imeandikwa baridi nzima. Na mbona jina ni la Filomena?"

"Ni jina la mtoto," nikasema mimi. "Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alilala na soksi mikononi mtaa wa pili, ili huyu avue koti."

Walikuwa wameshaingia waombaji wengine wawili, wamesimama mlangoni na fomu zao. Mmoja wao ni mtoto wa Cidália, amekuja kujaribu tena. Nakuapia sikumpanga, lakini ningejua ningempanga. Wote wakamwangalia Horácio, na hakuna aliyeondoa macho. Nilikukumbuka, Mena. Nilikukumbuka mlangoni kwa yule wa funguo.

Idalina akamkalisha. Akampa kalamu. Amekiandika kiapo kizima, jina lake juu na langu chini, kwamba alikaa yeye na nilifungua mimi. Tukaenda kugonga muhuri sote watatu, Idalina katikati yetu. Gesi amelipa yeye siku ileile. Majumba ni ya baba yake Idalina, kwa hiyo sasa Horácio amehamishiwa kwenye ghorofa ya chini, ile ambayo hita yake imeharibika tangu Novemba. Amepewa koti.

Mtoto wa Cidália amepata chumba. Mimi Idalina amenirudishia fomu yangu na muhuri mwekundu: Imekataliwa, kwa sababu ya deni la fanicha. Ada hakunirudishia. Idalina ni mtu wa kanuni.

Kiapo kimo ndani ya bahasha. Jina langu limo, umeliona. Wakija polisi nitawapikia supu.

Kuhusu soksi, nimeusoma ule mstari. Sina la kuandika chini yake.

Shangazi Deolinda

*

San Jose
2 Aprili 1997

Shikamoo Shangazi yangu,

Pasaka njema. Duarte ameoka mikate mitamu mia na kitu, kila mmoja na yai lake katikati, na wangu ameuchora moyo kwa kisu. Nimeukata vipande vyembamba sana ili usiishe.

Kampuni ya gesi imenifuta. Hakuna polisi, walitaka fedha yao tu na wameipata. Nikaomba nakala mpya: rekodi yangu sasa ni nyeupe kama ya mume wangu, sote wawili ni kama hatujazaliwa, ila mimi angalau imeandikwa kwamba nilifutwa kwa haki.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kurudi kwa Bibi Pruitt. Ana nyumba wazi tena, ileile yenye mkomamanga, maana yule aliyechukua hakudumu. Nikajaza fomu. Akakagua. Akanipigia simu na sauti ya asali, eti asiyezaliwa ni afadhali kuliko mdeni, njooni mchukue funguo. Tukaenda, Duarte amevaa suti ya harusi. Mlangoni palikuwa na watu. Akaninyooshea funguo, nikaziacha zining'inie mkononi mwake.

"Nasi tumekukagua, Bibi Pruitt," nikamwambia. "Tumewauliza wapangaji wako wanne waliohama. Choo kinavuja, na hurudishi amana ya mtu. Pole sana. Umekataliwa."

Duarte hajacheka vile tangu tuoane. Alicheka hadi kituo cha basi, akanibeba kuvuka barabara kama bado siku ya harusi, na dereva mmoja akapiga honi.

Tumepata kijumba nyuma ya nyumba ya mjane wa kisiwa cha Pico, mtu wa kwetu. Hakina mkomamanga, kina mlimau uliopinda. Naye alitukagua, na sikuona uchungu, nilitamani akague mara mbili. Meza ya Taji tayari imesimama sebuleni, imefunikwa kitambaa chako cha kufuma, kile ulichonipa ukasema unakitunza kwa siku kura itakapokuangukia.

Tiketi ya basi imo humu. Taji linaingia Jumapili ya tarehe ishirini, na nataka wewe ndiye ulipokee mlangoni kutoka mikononi mwa wabebaji. Watu wote watakuwa wanakutazama.

Usiku huku Aprili bado kuna baridi. Chumba chako kiko upande wa kaskazini, na hita yake usiku wa kwanza nitaizima. Njoo na soksi zako za kahawia, za mikononi, zifike viwiko. Asubuhi nitakuja mwenyewe kuiwasha. Gesi ni yangu, iko kwa jina langu.

Mena